Kuandika "Shika Kufuli" Siyo Kushika Kufuli

Najua nimepotea. Nimekuwa hapa nyumbani Ogembo nikipigana na hitilafu moja iliyoninyima usingizi, na kwa kuwa sasa nimeishinda, nataka kusema jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Litawaudhi baadhi ya wenzangu wa kazi. Sawa tu, tutaelewana mbele ya safari.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi tunaoandika programu tuna tabia mbaya ya kulinda data kwa maneno matupu. Tunaandika juu ya fanksheni, "anayeita hapa awe ameshika kufuli", halafu tunaenda kunywa chai tukiamini kuna kitu tumelinda. Hatujalinda chochote! Kompyuta haisomi maelezo yetu, na mwenzako atakayekuja baada ya miaka miwili hatayasoma pia. Mimi nasema kanuni ya kufuli iandikwe mahali ambapo mashine inaweza kuikagua, na asiyetaka kuiandika hivyo asitumwe kugusa kerneli.

Kwanza niwape kisa, maana sitaki mdhani ni ubishi wa vitabuni.

Kisa cha mizani

Kuna kisanduku kidogo kinachotumia Linux, kimewekwa kwenye kituo kimoja cha kununulia majani ya chai huku kwetu. Kazi yake ni kupokea uzito kutoka kwa mizani za kielektroniki na kuuweka hadi karani afunge hesabu ya asubuhi. Ndani ya kerneli ya kisanduku hicho kuna kiendeshi chenye orodha ya mizani zilizounganishwa. Msiniulize kwa nini kazi hiyo ilifanywa ndani ya kerneli, nilikikuta hivyo hivyo. Mizani ikiwashwa inaingia kwenye orodha, betri ikiisha inaondolewa. Na kila baada ya sekunde moja, uzi mwingine unapita orodha nzima kukusanya uzito.

Kulikuwa na kufuli, tena zuri. Na juu ya fanksheni ya kupita orodha palikuwa na maelezo safi kabisa:

/* anayeita awe ameshika kufuli_la_mizani */
static void soma_mizani(void)
{
        struct mizani *m;

        list_for_each_entry(m, &orodha_ya_mizani, foleni)
                pokea_uzito(m);
}

Siku moja niliombwa niongeze faili ndogo ya kuonyesha hali ya mizani, ili fundi akifika asome mara moja. Nikaandika fanksheni yangu, ikaita fanksheni nyingine, ambayo nayo iliita hiyo soma_mizani. Kufuli sikulishika. Maelezo nayo sikuyaona, kwa sababu yalikuwa hatua mbili chini, kwenye faili ambalo sikulifungua. Nilijaribu mezani kwangu siku nzima na kila kitu kikaenda vizuri. Nikapeleka.

Kwa muda hakukuwa na neno. Halafu asubuhi moja betri ya mizani iliisha wakati ule ule fundi alipokuwa akisoma faili langu. Kisanduku kikaganda. Uzito wote wa asubuhi ile ulikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, haujaandikwa diskini, na ukapotea wote. Karani alibaki akiwauliza wakulima mmoja mmoja kila mtu ataje kilo zake kwa kichwa. Omong'ina mmoja ambaye alikuwa amebeba majani yake tangu alfajiri aliniuliza swali moja tu, "Mwanangu, chai yangu imeingia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ungekuwa wewe, ungemwambia kwamba maelezo yalikuwepo juu ya fanksheni?

Kwa nini orodha huvunjika

Kwa wasomaji ambao si watu wa kerneli, orodha ya aina hii ni kama foleni ambayo kila mtu anawajua tu aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Hakuna anayeijua foleni nzima. Karani akitaka kuwafikia wote, anaanza na wa kwanza, anamuuliza "nyuma yako ni nani?", anakwenda kwa huyo, anamuuliza vivyo hivyo, mpaka mwisho.

Sasa fikiria karani ameshaelekezwa kwa mtu fulani, na kabla hajamfikia, mtu huyo ametolewa kwenye foleni akaenda zake nyumbani. Karani anafika anakuta mahali patupu, au anamkuta mtu mwingine kabisa ambaye hana habari na foleni hiyo, anamuuliza na anaelekezwa kusikojulikana. Ndilo lililotupata. Linux, inapokitoa kitu kwenye orodha kwa list_del, hukiachia makusudi anwani ya sumu badala ya jirani yake, ili atakayekifuata aanguke mara moja badala ya kutangatanga. Kwenye kumbukumbu za kisanduku chetu nilikuta anwani inayoanza na dead. Ukiiona hiyo, jua kuna aliyemfuata mtu aliyekwisha kutoka kwenye foleni.

Njia ya kwanza ya kuzuia hilo ni kufuli la kawaida, yaani anayepita na anayetoa wasiingie pamoja. Njia ya pili ni utaratibu unaoitwa RCU, ambao Paul McKenney na wenzake waliuendeleza na ukaingia Linux mwaka 2002. Huu unawaruhusu wasomaji wapite bila kugombania kufuli. Anayetaka kumtoa mtu kwenye foleni anamtoa, lakini hamruhusu aende nyumbani mpaka makarani wote ambao huenda walishaelekezwa kwake wawe wamepita. Ni utaratibu mzuri na wa kasi sana. Sharti lake ni moja: msomaji lazima atangaze kwa rcu_read_lock kwamba yuko njiani. Asipotangaza hakuna anayemsubiri.

Na hapa ndipo penye mtego. Usipotangaza, hakuna kinachokuzuia! Programu inakompaili, inafanya kazi leo, kesho na mwezi ujao, mpaka siku betri inapoisha wakati usiofaa.

Askari yupo, tumemlaza sisi

Ninachokasirikia ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ina miaka mingi. Ingo Molnar na Arjan van de Ven waliingiza lockdep katika Linux 2.6.18 mwaka 2006. Hicho ni chombo kinachofuatilia kila kufuli linaloshikwa na kuachiwa ndani ya kerneli, na kinajua wakati wowote uzi huu umeshika makufuli gani. Ukiwa na chombo hicho, maelezo yale yanageuka mstari mmoja wa msimbo:

static void soma_mizani(void)
{
        struct mizani *m;

        lockdep_assert_held(&kufuli_la_mizani);
        list_for_each_entry(m, &orodha_ya_mizani, foleni)
                pokea_uzito(m);
}

Nilipoweka mstari huo na kuwasha ukaguzi, faili langu lilitoa onyo mara ya kwanza kabisa nilipolisoma, nikiwa peke yangu mezani, bila mizani yoyote kuzimika. Naomba mlishike hili kuliko yote niliyosema leo. Majaribio ya kawaida yanahitaji ajali itokee ndipo uione. Ukaguzi wa kufuli hausubiri ajali. Unauliza tu, umepita hapa ukiwa umeshika kufuli au hujashika? Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba "tulijaribu na ikafanya kazi" anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa orodha za RCU nako kuna ukaguzi wake. Tangu Linux 5.4 ya mwaka 2019, kwa kazi ya Joel Fernandes, list_for_each_entry_rcu inakubali sharti la ziada mwishoni. Sababu ni kwamba orodha moja huweza kupitwa kwa njia mbili halali: na msomaji aliyetangaza, au na mwandishi aliyeshika kufuli. Unaiambia mashine wazi wazi:

list_for_each_entry_rcu(m, &orodha_ya_mizani, foleni,
                        lockdep_is_held(&kufuli_la_mizani))

Hapo umesema kwamba anayepita awe ndani ya usomaji wa RCU, au awe ameshika kufuli hili. Akikosa yote mawili, kerneli inapiga kelele:

WARNING: suspicious RCU usage
RCU-list traversed in non-reader section!!

Yaani orodha ya RCU imepitwa na mtu ambaye si msomaji halali.

Lakini sikilizeni vizuri, maana wengi wanadhani wamewasha kumbe bado. Ukiwasha CONFIG_PROVE_LOCKING unapata na PROVE_RCU, na hapo watu hupumua. Ukaguzi wa orodha hauji nao! Unahitaji CONFIG_PROVE_RCU_LIST, ambao haujitokezi kwenye menyu mpaka uwashe CONFIG_RCU_EXPERT, na hata hapo kawaida yake ni kuzimwa. Nimekutana na watu wazima waliokuwa wakijisifu kwamba kerneli yao ya majaribio haina onyo hata moja la orodha. Haina, kwa sababu askari mwenyewe hajaajiriwa.

Wanaonipinga

Wa kwanza husema, "Mimi naujua msimbo wangu." Ndugu yangu, nakubali unaujua leo. Ukihamia Nairobi kutafuta kazi nyingine, nani ataujua? Na mimi pia niliujua wangu. Nisichokijua ni kilichokuwa hatua mbili chini.

Wa pili husema ukaguzi unapunguza kasi. Ni kweli, na unapunguza sana. Ndiyo maana huuweki kwenye kisanduku cha mkulima, unauweka kwenye kerneli ya majaribio. Ukiuzima wakati wa kukompaili, lockdep_assert_held na lile sharti la orodha havibakishi ukaguzi wowote wa kuendeshwa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungelazimika kuchagua moja, na hatulazimiki.

Wa tatu husema maonyo mengi ni ya uongo. Huyu nitamheshimu, maana ana punje ya ukweli. Ukaguzi wa orodha ulipoanza, ulipiga kelele mahali pengi ambapo orodha ya RCU ilikuwa inapitwa na mtu aliyeshika kufuli halali, ila hakuna aliyekuwa ameiambia mashine. Lakini tuliite jambo kwa jina lake. Onyo hilo lilikuwa linasema kwamba kanuni ya orodha hii imo kichwani mwa mtu na haimo kwenye msimbo. Hiyo nayo ni hitilafu, na dawa yake ni mstari mmoja wa kutaja kufuli.

Wa nne ndiye mbaya kuliko wote. Huyu anaona onyo, anachoka, na kwenye nafasi ya sharti anaandika true. Onyo linatoweka, bosi anafurahi. Wenzangu, huko ni kumpa askari pombe ili alale! Afadhali aliyezima ukaguzi kabisa, kwa sababu anayekuja nyuma yake anajua hakuna ulinzi. Huyu wa true ameacha kibandiko kinachosema pamekaguliwa. Ukikuta true hapo na hakuna sababu ya kweli iliyoandikwa kando yake, irudishe kwa mwenyewe.

Kuna na wa tano, ambaye hajui kwamba anapinga. Anatumia list_for_each_entry_safe akidhani neno hilo la "salama" linamkinga na nyuzi nyingine. Halimkingi. Linamruhusu yeye mwenyewe atoe kitu anachokitazama wakati anapita, basi. Uzi mwingine ukikitoa kinachofuata, ataanguka kama wengine. Jina hilo limepoteza watu wengi.

Haya si mambo ya Ogembo tu

Msije mkasema huyu kijana alikosea kwenye kisanduku cha chai na sasa anatuhubiria. Mwaka 2023 mtafiti Ruihan Li aliripoti udhaifu uliopewa namba CVE-2023-3269, unaojulikana kama StackRot. Ulikuwa kwenye Linux 6.1 hadi 6.4, ndani ya sehemu inayosimamia kumbukumbu za programu. Sehemu hiyo, kuanzia 6.1, ilikuwa imeacha orodha ya zamani na kutumia mti mpya. Kasoro ilikuwa kwamba wakati wa kupanua staki, mti uliweza kubadilishwa na mtu aliyeshika kufuli la kusoma tu, bila lile la kuandika. Kipande cha zamani kikaachiliwa kwa utaratibu wa RCU, huku msomaji mwingine akiwa bado anakitazama bila kujitangaza kama msomaji wa RCU. Ni yule karani na foleni yake. Linus Torvalds mwenyewe aliongoza marekebisho, yakaingizwa mwezi Juni 2023. Kama kosa la kushika kufuli lisilotosha linaweza kuwapita wale, wewe na mimi tunajivunia nini?

Na anayedhani kerneli ni habari za seva za Ulaya, atazame simu yake. Android inakaa juu ya kerneli ya Linux. CVE-2019-2215 ilikuwa kwenye binder, sehemu ambayo programu za simu hupitishia ujumbe. Kitu kilichobeba foleni ya wanaosubiri kiliachiliwa, halafu msimbo mwingine ukarudi kujiondoa kwenye foleni ambayo haipo tena. Marekebisho yaliingia kerneli mapema mwaka 2018, na yakahitaji kiraka cha pili cha kuwasubiri wasomaji wa RCU wamalize. Lakini simu nyingi hazikupata marekebisho hayo mpaka Google Project Zero walipotangaza Oktoba 2019 kwamba kuna dalili za udhaifu huo kutumika kushambulia watu. Kwenye orodha yao kulikuwa na Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20, hata Xiaomi Redmi 5A, simu ya bei nafuu kabisa. Simu za namna hiyo ndizo watu wanazotumia kulipa kwa M-Pesa siku ya soko.

Nisiwadanganye kuhusu mipaka

Sitaki kuwauzia dawa ya kila ugonjwa. Sisemi lockdep ingezinasa hizo mbili. Ile ya binder ni kazi inayofaa zaidi kwa KASAN, kinachonasa matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Lockdep haijui kama kufuli ulilolitaja ndilo sahihi. Ukitaja la jirani itakuamini. Tena inakagua njia zilizopitwa tu, na njia ambayo hujaiendesha haitakupa onyo. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: lockdep ikigundua kosa kubwa kama la mzunguko wa makufuli, inajizima yenyewe baada ya onyo hilo moja, na lockdep_assert_held zote zinanyamaza mpaka uwashe mashine upya. Kwa hiyo ukiliacha onyo la kwanza "nitalirekebisha baadaye", ukimya unaofuata hauna maana yoyote. Rekebisha la kwanza kwanza. Na pamoja na lockdep washa KASAN, na KCSAN iliyoingia Linux 5.8 mwaka 2020 ili kunasa nyuzi zinazogombania data.

Lakini ukaguzi wenye mipaka ni bora mara mia kuliko maelezo ambayo hayakagui kitu.

Ninachowaomba

Kazi ya leo jioni ni ndogo. Fungua msimbo wako, tafuta kila mahali ulipoandika "anayeita awe ameshika kufuli". Futa maelezo hayo, weka lockdep_assert_held. Kila list_for_each_entry_rcu inayopitwa chini ya kufuli, taja kufuli lake. Kompaili kerneli ya majaribio ukiwa umewasha PROVE_LOCKING, RCU_EXPERT na PROVE_RCU_LIST. Iendeshe, fungua kila faili, chomoa kila waya, kisha soma dmesg mpaka mwisho. Ukikuta onyo, usitafute namna ya kulinyamazisha kabla hujajua ni kufuli gani lilipaswa kushikwa.

Na wanafunzi mnaosomea kompyuta, msiogope kerneli kana kwamba ni mali ya wazungu. Viraka vya kuongeza sharti hilo kwenye orodha mara nyingi ni vya mstari mmoja, na baadhi viliandikwa na wanagenzi. Ugumu wake hauko kwenye kuandika. Uko kwenye kufuatilia msimbo mpaka uwe na hakika ni kufuli lipi linalolinda orodha ipi. Ukiweza hilo kwa orodha moja, umeielewa sehemu hiyo kuliko wengi wanaoitumia.

Mimi kile kisanduku nilikirekebisha. Sasa uzito unaandikwa diskini kila unapopokelewa, na ile soma_mizani haina tena maelezo juu yake, ina mstari unaokagua. Yule omong'ina karani alimwandikia kilo alizozitaja. Nashukuru aliaminiwa, ila sipendi kwamba ilibidi aombe kuaminiwa kwa kosa ambalo mashine ingeniambia mimi mezani kwangu.

Haya, stima haijapotea leo, kwa hiyo nitakuwepo. Mwenye ubishi aulete, hasa wewe wa true!